Kilichokuwa Ndani ya Uji wa Mama

Mtaa wa Shieywe,
Kakamega.
Jumanne, 13 Mei 2025.

Mpendwa kaka Bramwel,

Hujambo, ndugu yangu? Umeamkaje huko Doha kwenye joto? Goti lako je, lile lililokuwa likikusumbua ukisimama zamu ndefu langoni? Nakuombea kila siku, hata siku ambazo nimekukasirikia, na siku hizo mwaka huu hazikuwa chache.

Sisi huku tu wazima, tunasukuma siku. Mvua inanyesha kila alasiri bila kukosa, njia ya kuja kwetu imekuwa tope tupu, na mahindi ya Mautuma yamefika magotini. Binamu yetu Were anayatunza vizuri, ingawa ng'ombe wake mmoja aliingia shambani akala mstari mzima, naye akaapa kwamba ni ng'ombe wa jirani. Unamjua Were. Hapa nyumbani vitu vinapanda bei, na sukari nayo inakwisha upesi ajabu. Kilo moja haimalizi wiki. Mama anasema ni wageni.

Barua hii ataileta Tyson, kijana wa jirani yetu, yule aliyepata kazi ya hoteli huko kwenu. Anasafiri kesho asubuhi na ameniahidi kwamba Alhamisi itakuwa mkononi mwako. Nimempa pia mkebe wa chiswa, kumbikumbi wa msimu huu, nimewakausha na kuwatia chumvi kama unavyowapenda. Usiwamalize siku moja halafu ulalamike tumbo.

Najua unacheka. Dunia nzima inatumiana ujumbe wa simu, na dada yako anashika kalamu kama mwanafunzi wa bweni. Lakini siku ya Pasaka nilikupigia, ukaniambia nimeingiwa na roho ya shaka, ukakata. Nikapiga tena, hukushika. Karatasi haikatwi kama simu, kaka. Tena jibu lako ukilituma kwa simu ya nyumbani Mama hulifungua sebuleni kwa sauti ya juu, na mambo haya si ya sebuleni.

Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, nyuma ya kaunta. Nimeianza barua hii mara tatu. Nikiandika mistari miwili nasimama, napanga rafu ambayo nilikwisha kuipanga asubuhi, narudi. Moyo wangu haukai kitako. Kwa hiyo usishangae nikiruka huku na kule.

Unakumbuka ujumbe wa sauti uliomtumia Mama mwishoni mwa Februari? Mimi naukumbuka wote, maana aliucheza mara tano. Ulisema mtu hawezi kumshika Mungu kwa mkono mmoja na tembe kwa mkono wa pili. Ulisema tembe za presho ni gongo la mtu anayeogopa kutembea, basi alitupe gongo atembee. Ulisema imani nusu ni sawa na kutoamini kabisa. Ulisema vizuri, sikatai. Nilikuwa nikiosha vyombo na hata mimi nilisimamisha maji nikusikilize.

Lakini unajua wewe ni nani kwa Mama. Umebeba jina la Babu Wanzala, baba mkwe wake, na tangu akuzae hajawahi kukuita Bramwel. Hukuita Papa, kama alivyomwita mzee. Mimi akinituma chumvi nikachelewa hunifokea hadi mtaa wa pili usikie. Wewe ukikohoa tu huko mbali, yeye husimama. Kwetu mtoto aliyebeba jina la mzee, neno lake ni neno la mzee. Wewe ulidhani unamtia mama yako moyo. Yeye alisikia baba mkwe ametoa amri.

Jumapili iliyofuata, kikapu cha sadaka kilipopita, Mama hakutoa noti. Alitoa mfuko wa dawa zake, tembe za miezi mitatu mizima, akauweka kikapuni mbele ya watu wote. Kanisa letu unalijua, mabati na viti vya plastiki pale chini ya mteremko, hakuna asiyeona. Ngoma zikapigwa, vigelegele vikapigwa, na mama yako akarudi kwenye kiti chake akitembea kama msichana.

Pasta Wekesa hakusema kitu. Ila baada ya ibada alinifuata nje, akauingiza ule mfuko kwenye mkoba wangu, akaniambia polepole, "Dada, hizi ni zenu. Ongea na mama." Nikamuuliza mbona asiongee yeye mwenye madhabahu. Akasukuma miwani yake juu ya pua akasema watu walikuwa washapiga makofi, sasa angeanzia wapi. Nimeifikiria sana ile miwani tangu siku hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia aiweke kikapuni.

Basi nikaongea na Mama. Niliongea mpaka mate yakanikauka. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi, akasema, "Papa alisema." Mazungumzo yakaishia hapo. Siku ya nne akaanza kuumwa na kichwa, kisogoni, na nikamwona akienda jikoni huku ameshika ukuta. Unakumbuka Baba alivyoanza. Niliogopa, Bramwel.

Ndipo nikafanya nililolifanya.

Mimi ndiye ninayempikia Mama uji kila asubuhi kabla ya kuja kazini, uji wa wimbi na muhogo, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nilichukua tembe moja kutoka kwenye ule mfuko, nikaiponda kwa mgongo wa kijiko mpaka ikawa unga, nikaikoroga kwenye kikombe chake cha bluu. Nikampelekea, nikampa kwa mikono miwili. Akanishukuru, akauombea uji, akanywa wote. Siku iliyofuata nikafanya vilevile. Nimefanya hivyo kila siku tangu Machi, mpaka leo asubuhi.

Kichwa kikaacha kuuma. Kuta hazikushikwa tena. Nami nikajiona mjanja kweli kweli: Mama amebaki na imani yake, mimi nimebaki na mama yangu, na Mungu si mkali hivyo, ataelewa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliiona ndefu na nzuri, imenyooka.

Kabla ya Pasaka nilimbembeleza twende kliniki apimwe tu, hata kama hatapokea dawa. Nesi akamfunga ule mkanda mkononi, akatazama, akafurahi. Presho ilikuwa nzuri kuliko mwaka mzima uliopita! Mwaka jana, kumbe, Mama alikuwa akisahau tembe mara mbili tatu kwa wiki. Kwenye uji wangu hakusahau hata siku moja. Nesi akamwambia, "Mama, endelea hivyo hivyo." Mama akanigeukia uso ukiwa umeng'aa. Sijamwona akifurahi vile tangu tumzike Baba. Nami nikaangalia sakafu.

Ndiyo maana nilikupigia Pasaka. Ulikuwa umeshapata habari, umeshawatangazia wenzako wa ushirika wenu wa Ijumaa. Nilitaka kukuambia ngoja, usishangilie bado. Sikujua nianzie wapi, nikaanza na lawama, ukakata. Pengine ningekuwa wewe ningekata pia.

Jumapili baada ya Pasaka, wakati wa ushuhuda, Mama akasimama. "Bwana asifiwe! Hii ni wiki ya nane sijaguza tembe, hata moja. Juzi nesi amenipima akashangaa. Mungu wa Papa wangu ni mwaminifu." Kanisa zima likasimama. Hata wewe ulipigiwa makofi huko uliko.

Kando yangu alikuwa ameketi Sellah. Unamkumbuka Sellah, rafiki ya Mama anayeuza ndizi karibu na lango la soko, aliyekuwa akikuwekea zile zilizoiva sana ukitoka shule. Naye ana presho kwa miaka mingi. Watu wakishangilia, Sellah hakupiga makofi mara moja. Aligeuka akanitazama usoni kwanza, kama mtu anayeuliza: ni kweli? Mimi ndiye ninayekaa na Mama nyumba moja. Kama kuna ambaye angejua, ni mimi. Nikapiga makofi. Naye akapiga.

Kaka, hicho ndicho kinachonila. Si tembe, si kijiko. Ni yale makofi.

Alhamisi iliyopita Tracy, binti yake, alimkuta ameanguka bustanini alikokuwa akichuma mboga. Upande wa kulia hausogei. Mdomo umekwenda pembeni. Alikuwa amezitupa tembe zake chooni jioni ile ile ya ushuhuda, na Tracy hakujua mpaka daktari alipouliza.

Ijumaa nilikwenda kumwona wodini. Nilimpelekea chupa ya uji, fikiria, mimi na uji wangu. Alinishika kwa mkono wa kushoto akasema kitu ambacho sikukielewa. Tracy, aliyeanza kuyazoea maneno yake, akaniambia, "Anasema imani yake ilikuwa kidogo kuliko ya mama yako." Nilitoka nje nikaketi kwenye ukingo wa maua, nikalia mbele ya watu wote wanaopita, sikuona haya.

Ngoja, kuna mteja.

Nimerudi. Alikuwa mama mmoja anayefuga kuku, kideri kimewaingia. "Ingokho zangu zinaisha, dada, nipe chanjo." Wiki iliyopita aliniambia anawaombea tu kuku wake, watapona. Nimemuuzia chanjo nikamwambia asiache kuwaombea. Akanicheka. "Kwani nani amekwambia nimeacha?" Ameenda zake akikumbatia chupa yake ndani ya barafu. Natamani ningekuwa na akili zake mwezi wa tatu.

Nilikuwa wapi? Hospitalini. Kutoka pale sikuweza kwenda nyumbani. Nilikwenda Shirere kwa Baba mdogo Osundwa. Tangu astaafu ile kazi ya kupokea simu ofisini hatoki sana, anakaa na redio yake akigombana na watangazaji. Unajua hana subira na machozi. Nikamweleza yote, kisha nikamalizia kwa kusema kwamba aliyetuponza ni hii imani kipofu ya Mama. Akaizima redio.

"Kipofu hapa ni nani?" akaniuliza. "Si ni mimi? Tangu nikiwa kijana mdogo sioni. Umewahi kuniona nikikanyaga mahali fimbo haijaguza? Miaka salasini nimepanda ngazi za ofisi na nikashuka. Kipofu haaminingi ovyo, atavunjika shingo. Hiyo kitu mnaitanga ya kipofu ni ya mtu ako na macho na ameyafunga. Msitusingizie."

Nikidhani amemaliza, akaongeza, "Na wewe, yako umefungua?"

Maneno hayo yamenifuata mpaka hapa kaunta. Kutwa nzima nasikia watu wakilitaja neno hili, nami nilikuwa silisikilizi. Mkulima akichukua mbegu huniambia, "Nina imani na wewe." Kwa nini anayo? Kwa sababu mbegu za mwaka jana ziliota, na zisingeota angerudi hapa na fimbo. Ukipanda boda unaketi nyuma ya mtu kwa imani, lakini akinuka chang'aa unashuka, na hakuna anayekwambia umepungukiwa. Na mtu mkatili, anayempita mgonjwa njiani, si tunasema hana imani? Basi imani gani hii yetu, iliyompita Sellah ikaendelea kupiga ngoma?

Unakumbuka Kukhu, nyanya yetu, alivyotufundisha kuwaita chiswa? Tulifunika kichuguu kwa blanketi, tukapiga vijiti chini taratibu ili wadhani ni mvua, tukangoja. Hatukuwaona. Tuliamini wamo. Lakini Kukhu hakutuketisha kwenye kichuguu chochote tu. Asubuhi alikuwa amekwisha kuzunguka, amebonyeza udongo kwa kidole, ameona njia zao mbichi. Wewe siku moja ulikaidi, ukachagua kichuguu kilichokufa kwa kuwa kilikuwa kikubwa, ukapiga vijiti mchana kutwa ukisema una imani kutuzidi sote. Ulirudi na malengelenge. Kukhu hakukucheka. Mimi ndiye niliyecheka. Yeye alikumegea chiswa wake.

Utasema namlinganisha Mungu na wadudu. Haya, twende kwenye Neno, uwanja wako. Yesu alipoambiwa ajirushe kutoka juu ya hekalu, eti malaika watamdaka, alikataa. Je, alikuwa na imani nusu? Na Tomaso aliyetaka kugusa makovu hakufukuzwa. Alinyooshewa mikono aguse. Nimesikia mahubiri mengi ya kumsema vibaya Tomaso, lakini sijasikia hata moja linalotaja kwamba aliguswa moyo kwa sababu aliruhusiwa kuuliza.

Mimi si adui wa imani yako, nataka uelewe hili. Mwaka ule kazi yako ya kwanza ilipokwisha ghafla, ukalala njaa huku ukituambia umeshiba, watu wa ushirika wako ndio waliokuletea wali. Tulijua baadaye. Uliona wema kwa macho yako, ukamwamini aliyewatuma. Hiyo ni imani na mimi naipigia magoti. Ila wewe uliletewa wali, Bramwel, na Mama ukampelekea amri.

Na nikisema kweli yote, Mama hakumwekea Mungu imani ile. Alituwekea sisi wawili. Wewe ulisema aache, akaacha. Mimi nilimpa kikombe, akanywa. Hakuna kati yetu aliyestahili kuaminiwa hivyo, na hakuna aliyemwambia.

Sasa sikia kilichonifanya nisiweze kungoja. Jumapili hii, tarehe kumi na nane, kuna mkutano mkubwa wa injili sokoni Mautuma, na Mama amepangiwa kushuhudia. Kitambaa chake cheupe kimekwisha kupigwa pasi. Mautuma ni kwetu. Wale kina mama wamelima naye, wamezika naye, na nusu yao wanameza tembe zile zile. Akisimama pale wakamwona mzima, wataenda nyumbani wazitupe. Nitaangukiwa na Sellah wangapi?

Nimemuuliza Mama kuhusu Sellah. Anasema pengine alikuwa na shaka moyoni. Hajaenda kumwona, anasema ataenda baada ya Mautuma. Yeye na Sellah ambao hawajawahi kukaa siku mbili bila kuonana! Akisema hivyo huinuka akatafuta kazi ya kufanya.

Kwa hiyo nakuomba, na nikuombe kama mdogo wako, magoti chini: ukimaliza kusoma mtumie Mama sauti yako. Usimhubirie. Mwambie ulikosea, mwambie ameze dawa. Neno lako ndilo lililofunga, neno lako ndilo litakalofungua. Mimi sehemu yangu nitaifanya leo hii. Nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, nitamwambia.

Naogopa, kaka. Siogopi kufokewa, nimezoea. Naogopa ule uso uliong'aa kliniki. Naogopa kwamba nikimwambia kilichokuwa ndani ya uji nitakuwa nimemnyang'anya Mungu wake, na akiwa na umri ule atampata wapi mwingine? Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimekwisha kuanza kwa jirani.

Nafunga duka. Nitamalizia kesho kabla Tyson hajaja.

Jumatano asubuhi.

Tyson amefika na sanduku lake. Nimempa chai na mkate ili nipate dakika kumi, basi nitaandika mbio.

Nilimwambia. Jua lilikuwa bado lipo, Mama ameketi mlangoni akichambua mboga. Aliniambia niketi, nikakataa, nikasema yote nikiwa nimesimama: mfuko alionipa pasta, kijiko, kikombe cha bluu, nesi, makofi. Mikono yake iliendelea kuchambua. Nilipofika kwa Sellah alivyonitazama kanisani, ikasimama.

Nilingoja anilaani. Mvua ikaanza kugonga mabati. Halafu akasema bila kuniangalia, "Uji ilikuwa chungu, Mideva. Tangu siku ya pili. Si ni mimi nilikufundisha kupika? Nilijua hiyo si wimbi."

Nikamuuliza alifanya nini.

"Nikaongeza sukari."

Bramwel, nilishikilia mlango. Nikamuuliza mbona hakuniuliza, wiki zote hizo, kikombe mkononi, mimi nimesimama mbele yake. Akanijibu, "Ningeuliza, ungeniambia."

Ndipo akalia. Sijui kama umewahi kumwona Mama akilia kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe. Mimi sikuwa nimewahi. Nilivua viatu nikaketi naye chini, tukakaa hivyo mpaka mboga zikalowa.

Leo ameamka kabla yangu. Nimemkuta jikoni akipika uji mwenyewe. Tembe alikuwa ameiweka kiganjani, akaitazama kwa muda mrefu, akaombea, akaimeza kwa maji, mbele yangu, mdomo wazi ili nione. Kisha akamimina uji kwenye chupa, wa kumpelekea Sellah. Anataka kumwambia yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwambia nitamsindikiza akasema hapana, huko ataenda peke yake.

Na Mautuma ataenda vilevile. Nilidhani atajificha. Amesema, "Waliniita nishuhudie. Nitashuhudia." Ametoka na kile kikombe cha bluu ndani ya mkoba, sijui cha kazi gani, na sikuthubutu kuuliza. Wala sijui watu watampokeaje. Pasta Wekesa amepigiwa simu, akauliza kwanza kama watu wamekwisha kujua. Naogopa bado, ila sasa naogopa tukiwa wawili.

Alipokuwa akifunga kitambaa mlangoni nikamwambia kwamba barua yako inaondoka leo, kama ana neno. Akasimama na chupa yake kwapani. Akasema, "Mwandikie Bramwel anipigie simu. Mwambie mama yake ni mgonjwa."

Bramwel. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Hakusema Papa.

Kwa hiyo yale niliyokuomba jana yafute. Usimtumie sauti ya mzee. Hana haja tena ya mzee. Mpigie wewe, mtoto wake. Muulize ameamkaje, kichwa hakimuumi, amemeza. Kisha mwache yeye aseme, na usikate.

Baba mdogo Osundwa anakusalimu, anataka umletee fimbo nyepesi inayokunjwa. Were anakusalimu na ng'ombe wake. Tracy anakusalimu pia. Ukipata nafasi mwandikie neno, sisi tuna deni kwake lisilolipika. Wasalimie wenzako wa Ijumaa, uwaambie nawashukuru kwa ule wali.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe riziki na afya, na kila unapoinua mguu akuonyeshe unapokanyaga. Tyson amemaliza chai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Mideva